Toa Watu, Weka Ndovu

Wasee wa Thika Road, swali moja kabla hujapitisha hii posti na kidole. Mara ya mwisho uliona Mlima Kenya ni lini? Simaanishi kwa kalenda ya sacco. Simaanishi pia kwa taarifa ya saa moja, ati "Mlima umeamua", maana hapo wanaongea kura, hawaongei mawe. Namaanisha wewe, na macho yako, umesimama Ruiru ama Juja ama Makongeni, ukauona.

Kama jibu lako ni "kwani unaonekana kutoka huku?", kaa hapa kidogo. Unaonekana. Si kila siku, na si saa nne ukiamka na usingizi. Unataka asubuhi ya Januari au Februari, ama siku ile mvua imeosha hewa usiku kucha, kabla ya saa mbili, kabla vumbi na moshi wa barabara havijapanda. Tazama kaskazini, halafu kulia kidogo tu. Utaona kitu kama jino lililovunjika, rangi ya bluu ya jinzi iliyofuliwa sana, kidogo kiasi kwamba ukinyoosha mkono unakifunika na kidole gumba. Hicho kijino ndicho Batian na wenzake, mita 5,199 juu ya bahari. Ilikuwa volkano. Ikazima kitambo sana, barafu na mvua zikala sehemu laini, na hicho unachokiona ni mawe magumu yaliyogandia kwenye koo lake.

Sasa kisa.

Kwa wale wapya hapa: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda watu nyumbani, na tangu hapo nakula kwa kuchora. Mabango ya harusi, nembo za vinyozi, menyu za mama wa chapati anayetaka kuonekana kama hoteli. Katikati ya hizo ndio natengeneza video mnazoona hapa. Mwaka jana kampuni fulani ikanipa kazi ya kalenda. Jina sitaji, maana bado nawataka wateja wa sampuli hiyo. Maagizo yalikuwa mafupi: "Mlima wetu, kitu cha kugusa moyo."

Nikachora mlima wetu. Nilipanda juu ya ploti moja Kihunguro, pale kwenye kamba za nguo, nikachora nilichokiona. Tangi nyeusi za maji, tano kwa mstari. Mama anaanika duveti. Kijana amechuchumaa anasugua raba zake nyeupe na mswaki wa zamani, kwa umakini wa daktari. Waya za stima. Na katikati ya tangi ya pili na ya tatu, mbali kule, kijino cha bluu na mstari mwembamba mweupe. Nilikaa na hiyo picha usiku tatu. Nilipomaliza nilijua nimeweza.

Wakanipigia simu. Yule dada alikuwa mpole sana, hata leo sina neno baya naye. Alisema kazi ni safi, mikono yangu ni mizuri, ila wakubwa wameomba mabadiliko kidogo. "Toa hao watu. Toa tangi. Weka ndovu."

Nikauliza wangapi.

"Wawili. Mama na mtoto."

Nikatoa watu, nikatoa tangi, nikaweka ndovu mama na mtoto kwenye nyasi ambazo Kihunguro sijawahi kuziona. Mlima nikaukuza mara sita kwa sababu waliomba hivyo pia. Mwenye nyumba haelewi maneno ya sanaa, anaelewa tarehe tano. Walilipa, ile kalenda ikachapishwa, na kama unayo ukutani kwenu, sawa, iangalie vizuri.

Lakini ile sentensi ilikataa kutoka kichwani. Toa watu, weka ndovu. Nikaanza kuangalia picha za Mlima Kenya kama mtu anayetafuta funguo. Kwenye mahoteli, kwenye vitabu vya watalii, kwenye vikombe vya kuuzwa uwanja wa ndege, kwenye ukuta wa benki. Ndovu. Pundamilia. Twiga. Mti mmoja wa mgunga. Machweo. Ukibahatika kupata mtu, ni mpandaji mwenye koti jekundu na mkoba mkubwa, amegeuza mgongo. Mlima wenye mamilioni ya watu wanaoishi wakiutazama, na kwenye picha hakuna nyumba hata moja.

Hapo ndio nikamkumbuka mzee mmoja Mjapani.

Mnamjua hata kama hamjui kwamba mnamjua. Lile wimbi kubwa la bluu lenye povu kama makucha. Liko kwenye fulana za mitumba, kwenye kava za simu, kwenye mikono ya watu waliochora tatuu. Aliyelichora anaitwa Hokusai, alizaliwa 1760, na alipolichora alikuwa karibu miaka 70. Wengi huangalia wimbi, na hiyo ni haki yao. Lakini ile ni picha ya mlima. Iko ndani ya mfululizo unaoitwa Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, ulioanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1830, na kwa sababu ziliuzika vizuri akaongeza kumi zikawa 46. Angalia tena wimbi: chini katikati, kule nyuma, kuna kilima kidogo cheupe unachoweza kudhani ni povu. Hicho ndicho Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani, mita 3,776. Amekifanya kidogo kuliko kucha la wimbi. Na mbele kuna mashua tatu, wapiga makasia wamejikunja kama maharagwe. Zile zilikuwa mashua za mbio, za kukimbiza samaki wabichi sokoni mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo. Ukitaka kuelewa haraka, fikiria zile pikapu za miraa zinazoshuka kutoka Meru bila breki. Sasa fikiria picha maarufu kuliko zote za mlima mtakatifu wa nchi, na mbele yake ni pikapu za miraa.

Na hiyo si bahati ya picha moja. Nilizitafuta zote, moja moja, kwa bando la usiku. Kuna moja fundi wa mapipa yuko ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, anaparura mbao, na kupitia lile duara la pipa unaona Fuji, kadogo kama punje. Kuna nyingine watu wanapasua boriti kubwa kwa msumeno, mmoja juu mmoja chini, na mlima unaonekana katikati ya miti inayoshikilia ile boriti. Kuna moja upepo umepiga wasafiri barabarani, karatasi za mama mmoja zinaruka hewani, kofia ya mwingine imeenda, na Fuji pale nyuma ni mstari mmoja tu wa wino, hata hakujisumbua kuupaka kitu ndani. Mlima hauwaangalii. Nao hawauangalii. Wana kazi. Lakini wako pamoja, kama vile wewe na jirani ambaye hamsalimiani kila siku lakini akihama utajua.

Picha zenyewe zilichapishwa kwa mbao, nakala nyingi, na bei ilikuwa karibu na ya bakuli la tambi. Watu wa kawaida mjini walinunua, wakabandika nyumbani. Ile bluu kali iliyowapagawisha ilikuwa rangi mpya kutoka Ulaya. Yaani rangi ya kigeni, soko la mtaa, mlima wa kwao. Na huyu mzee, kwa wanaopenda kuniuliza kuhusu digrii, aliingia shule ya uchoraji ya Katsukawa akiwa kijana na hakubaki. Sisemi kitu. Napita tu.

Kitu kilichoniamsha kabisa ni ramani. Nilipima kutoka katikati ya Tokyo hadi kilele cha Fuji kwa mstari ulionyooka. Karibu kilomita 100. Nikapima kutoka mjini Thika hadi Batian. Karibu kilomita 100. Nikarudia, nikidhani nimebonyeza vibaya. Ni ile ile. Watu wa Edo walikuwa wanauona mlima wao kutoka mbali kama huku kwetu, juu ya mapaa, katikati ya kelele na mjengo, siku hewa ikiwa safi. Tofauti ni kwamba wao kuna mtu aliamua hiyo inatosha kuchorwa.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: mlima ni mtakatifu, usiuchanganye na duveti. Mzee wangu alisema karibu hivyo. Yeye huniita Mami, kwa sababu nimepewa jina la mamake, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua kuna kesi. "Mami," akasema, "uliacha shule ndio uchore tangi za maji mbele ya Kirinyaga?"

Hoja yake ni nzito, kwa hivyo nitaijibu pole pole.

Kwanza, Fuji nayo ni takatifu, si kilima cha picha. Kuna mahekalu chini yake yote na mengine juu, na mungu wa kike anayeabudiwa humo. Mahujaji walipanda wamevaa nyeupe. Wanawake hawakuruhusiwa kufika kileleni hadi 1872. Huko Edo, wale ambao hawakuweza kusafiri walijengewa vilima vidogo mtaani, vingine vikipambwa kwa mawe ya volkano yaliyobebwa kutoka Fuji yenyewe, ili wazee, wanawake na watoto wapande hapo na wahesabiwe wamepanda. Vingine bado vipo ndani ya Tokyo. Mlima wenye heshima ya namna hiyo, na bado fundi wa mapipa alikaa mbele yake na hakuna aliyekufa.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika na mzee. Kwa imani ya Wagikuyu hukwenda juu. Kirinyaga ni makao ya Ngai anaposhuka duniani, si pahali pa kwenda kutembea. Ulisimama kwenu, chini ya mugumo ama kwenye ua wa boma, ukageuka, ukautazama, ukaomba. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake kuhusu watu wake mwaka 1938, hakukiita "Kupanda Mlima Kenya". Alikiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kuuelekea Mlima Kenya, kuupa uso. Humo anaeleza kwamba Ngai ana makao madogo pande nyingine pia: Nyandarua magharibi, na Kia-Njahi mashariki. Kia-Njahi, wasee wa Thika, ni Kilimambogo. Kile kilima mnachopitia nyuma yake mkienda kuchoma nyama. Mmekaa katikati ya milima ya Mungu na mnalalamika mtaa hauna mandhari.

Kwa hivyo picha ya kweli ya Kirinyaga, ile ya kizee kabisa, ni ya mtu aliyesimama nyumbani kwake. Boma liko mbele, mlima uko nyuma. Mbuzi, moshi, watoto, labda nguo zimetundikwa kwenye ua, halafu kule juu Yeye. Waliotoa watu kwenye picha ni waliofika baadaye, na walikuja kwa ajili ya kilele. Mwaka 1849, tarehe 3 Desemba, mmisionari Krapf aliuona kutoka Ukambani, akaandika kuna theluji ikweta, na wakubwa wa jiografia Ulaya hawakumwamini. Aliuona kwa sababu alikuwa kwa watu ambao wao walikuwa wanauona kila siku. Hata hili neno Kenya limetoka kwenye jinsi Wakamba walivyoutamka. (Hokusai alikuwa amekufa Mei ya mwaka huo huo, akiwa karibu 90. Walipishana miezi saba.) Miaka 50 baadaye, 1899, Mackinder akafika Batian na waongoza njia wake kutoka Alps, vilele vikaandikwa kwenye ramani kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai, na kuanzia hapo mlima ukawa kitu cha kushindwa au kupigwa picha.

Kuna hadithi moja ya wageni ninayoipenda bila aibu. Mwaka 1943, Waitaliano watatu waliofungwa na Waingereza kambini Nanyuki wakati wa vita waliutazama mlima kupitia waya hadi wakashindwa. Wakatoroka, wakapanda, wakaweka bendera yao kwenye Point Lenana, halafu wakarudi wenyewe gerezani. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika kitabu. Hawakuwa na ramani ya maana. Walichokuwa nacho ni pamoja na karatasi ya mkebe wa nyama iliyokuwa na mchoro wa mlima. Mchoro wa matangazo! Kila nikichora nembo ya kinyozi huwa nawaza hiyo karatasi.

Na sisi? Tuliandika, nafikiri, kuliko tulivyochora. Ngugi aliuweka Kerinyaga ndani ya riwaya yake ya mito na matuta, ile ya 1965. Wapiganaji wa msituni, chini ya General China upande huo wa mlima, walikuwa wanapigana wakijua nani anaishi juu yao. Usiku wa uhuru mwaka 1963 Kisoi Munyao alikuwa kule juu na bendera ya Kenya. Kwa rangi, mtu ambaye ningependa kila kijana wa huku amjue ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu chini ya Kilimanjaro. Mwisho wa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Kianglikana Murang'a, michoro mitano ya maisha ya Yesu, na Yesu ni Mwafrika, na matukio yako kwenye matuta ya Ugikuyuni. Ni mwendo wa saa moja hivi kutoka Thika. Nenda. Hao watu kwenye ukuta wanafanana na shangazi zako.

Baada ya hapo, ukiniuliza, mlima tukaufungia kwenye nembo ya taifa. Toa kitambulisho chako. Ama sarafu yoyote mpya, geuza upande usio na mnyama. Wale simba wawili na ngao wamesimama juu ya Mlima Kenya, na chini hapo kuna kahawa, chai, mahindi, mkonge, pareto na nanasi. Nanasi za Thika, mimi nadai. Umekuwa ukinunua mandazi na Kirinyaga miaka yote.

Kisha Unesco. Hii ilinichoma, kwa hivyo vumilieni. Mlima Kenya uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997 kama urithi wa asili. Misitu, barafu, mimea ya ajabu, na kweli ni ya ajabu. Fuji iliingia 2013 kama urithi wa utamaduni, kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama "mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa". Volkano nayo, theluji nayo, mungu nayo, lakini iliandikwa kwa sababu ya watu walioiomba na kuichora. Na sasa sikia. Mkutano ule ule wa 2013, kule Phnom Penh, na sisi tuliongezewa kitu. Eneo la Mlima Kenya lilipanuliwa kuchukua Lewa na msitu wa Ngare Ndare, na sababu mojawapo kubwa ni ile njia inayowaunganisha ndovu na mlima.

Mwelewe jamani, sina vita na ndovu. Ile njia ni kitu kizuri, wanapita chini ya barabara kuu kama watu wenye akili. Ila unaona mpangilio? Wao, watu. Sisi, ndovu. Na hakuna mtu wa Unesco aliyetukataza kuchora. Tukingoja picha zetu ziletwe na mkutano, tutangoja na kalenda mkononi.

Mzee nilimwambia haya yote, si kwa mpangilio huu, na kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyofaa mtu kumwambia babake. Hakujibu. Akachukua simu yangu, akaikuza ile picha ya kwanza na vidole viwili, akaangalia muda mrefu. Halafu akauliza, "Hii ni kwa ploti gani? Ni ile ya nyuma ya posho mill?" Ndiyo, ni hiyo. Akanirudishia simu akaenda kufunga kuku. Mnaomjua babangu mnajua hapo tumemaliza.

Shosho, yule mwenye jina langu, yuko Gatanga. Ni mtu wa kanisa hadi mifupa, na Biblia yake ya Kigikuyu inamwita Mungu Ngai vile vile, kwa hivyo yeye haoni shida yoyote. Akitoka asubuhi kukamua, anaangalia kule kwanza. Ukiwa wazi anasema umefunguka. Nilimuuliza kama umebadilika. Akasema alipokuwa msichana ile nyeupe ilikuwa kama kitambaa, sasa ni kama uzi.

Sikutaka kuamini macho ya mtu wa miaka themanini, nikaenda kusoma, na shosho yuko sawa. Mwanzoni mwa karne iliyopita walihesabu mito ya barafu 18 kule juu. Mingi imeshaisha kabisa, na Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umepasuka vipande. Ripoti ya Unesco ya 2022 inasema barafu iliyobaki Mlima Kenya na Kilimanjaro inatarajiwa kuwa imeisha kufikia 2050. Mwaka huo sitakuwa nimefika hamsini. Na jina lenyewe, Kirinyaga, wazee wengi hulifafanua kwa mbuni, nyaga: mwenye madoa meusi na meupe kama manyoya ya mbuni dume. Nyeusi ni mwamba. Nyeupe ndiyo hiyo inaondoka. Hata Fuji mambo si mazuri. Mwaka 2024 theluji yake ya kwanza ilichelewa hadi Novemba, na tangu waanze kuweka rekodi miaka 130 iliyopita haijawahi kuchelewa hivyo. Lakini Fuji ikibaki bila theluji, wana maelfu ya picha za jinsi ilivyoonekana ukiwa kazini. Sisi tutakuwa na ndovu.

Kwa hivyo nimeanza zangu. Thelathini na sita, zote kutoka Ruiru hadi Thika, na sheria ni moja: lazima kuwe na mtu anafanya kitu. Nimefika ya kumi na moja. Kuna ya daraja la miguu Juja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanafunzi na watu wa mjengo wanapishana, na mlima uko katikati ya miguu. Kuna ya muuza miwa Witeithie. Iliyonitesa zaidi ni ya machimbo ya Ndarugo, pale mawe ya nyumba zetu zote hukatwa. Yale mawe yenyewe ni majivu ya volkano yaliyoganda zamani, si ya Mlima Kenya, ni ya volkano nyingine, lakini bado napenda kwamba tunalala ndani ya volkano. Wavulana wamejaa vumbi jeupe hadi kope, mashine inapiga kelele, na nilienda mara nne kabla mlima haujafunguka. Ya nne mmoja wao aliuona kabla yangu. "Dada, ndio huyo." Alisema "huyo", si "huo".

Nilijaribu pia kuuza wazo kwa mchoraji mmoja wa nganya hapa Thika. Fundi kweli, mkono wake ni moto. Akacheka akaniambia mlima hauvuti abiria, watu wanataka wachezaji mpira na marapa. Nikamwonyesha nganya iliyokuwa nyuma yake, kazi yake mwenyewe, mlango wa nyuma una lile wimbi la Hokusai, makucha na yote, na Fuji yuko pale chini na nukta yake nyeupe. Yaani Fuji imepata nafasi kwenye matatu ya Thika kabla ya Kirinyaga. Aliangalia ule mlango kama amepigwa kofi. Hajakubali bado. Ameniomba nimtumie ile ya machimbo.

Ya kumi na mbili inabidi niikimbilie. Mbele ya ploti yangu hapa Ruiru kuna mjengo umefika slabu ya tatu, na kwa ramani ni ghorofa sita. Upande wa kushoto wa mlima umeshaingia nyuma ya nguzo. Badala ya kulalamika nimeongea na msimamizi pale. Amesema Jumapili hakuna kazi, nije saa kumi na mbili na nusu, ataniachia ngazi. Watakuwepo vijana wawili wa kulinda saruji na wamekubali kuchorwa, mmoja kwa masharti kwamba nisimchore na ile kofia. Nabeba chai na mandazi ya watu wanne. Kama uko karibu na bypass na unajua kukaa kimya asubuhi, niandikie nikuonyeshe mlango.